Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Moshi: Toleo la tatu na watu wa kulitunza

Ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama, na ninyi walimu mlioteremka asubuhi hii kutoka Kibosho, Marangu na Rombo: karibuni Moshi mjini na poleni na safari.

Mahesabu atayasoma mtunza hazina mwenyewe, na nakala mmeshagawiwa mlangoni, kwa hiyo sitayagusa. Orodha ya shule zinazotumia seva yetu anayo katibu. Kuhusu ada, wanaodaiwa wanajijua. Muda niliopewa nitautumia kwa jambo moja ambalo kamati imelijadili mwaka mzima bila kulimaliza: toleo la tatu la programu yetu liweje, na likishatoka nani atakaa nalo.

Kwa wageni niseme kwa kifupi. Programu hii inakaa kwenye kompyuta moja, ndiyo tunayoiita seva, ofisini kwa mwalimu mkuu, au stoo, popote palipo na soketi. Walimu wanaifungua kwa simu au laptopu kupitia Wi-Fi ya shule, wanaingiza mahudhurio na alama, wanapakua vitabu na mitihani iliyopita, hata kama bando limeisha. Mtandao ukipatikana, seva inatuma nakala kwenye seva nyingine. Msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, ni huria, yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuubadilisha. Wanaouandika ni sisi, jioni baada ya kazi na Jumamosi za msaragambo.

Nianze na tukio lililotutoa jasho kuliko yote. Shule moja ilikuwa inapokea sasisho linalobadilisha muundo wa kanzidata, yaani ghala la taarifa zote za shule. Kazi ilikuwa na hatua tatu: kuongeza safu ya mkondo kwenye jedwali la wanafunzi, kuhamishia alama kwenye jedwali jipya, kisha kufuta safu ya zamani. Katikati ya hatua ya pili umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta iliwaka vizuri tu, lakini ukurasa wa alama ulionyesha majina ya Kidato cha Pili yote na alama za nusu yao. Mwalimu wa taaluma alikuwa na wazazi barazani wanasubiri ripoti. Wanachama wetu wawili walipanda bodaboda na flashi yenye nakala rudufu ya usiku uliotangulia, wakairejesha, na kazi ya siku ile ikaingizwa upya kutoka kwenye daftari la mwalimu. (Wale wanaoniuliza kila mwaka kama walimu waache kuandika kwenye daftari, jibu langu ni hilo.)

Chanzo chake kinaeleweka, na ndicho kinachoamua sehemu kubwa ya mpango wetu. Tunatumia MariaDB, programu ya kutunza kanzidata. Humo, kila amri ya kubadilisha muundo wa jedwali inajithibitisha yenyewe papo hapo. Huwezi kuzifunga amri kadhaa za namna hiyo katika muamala mmoja, yaani fungu moja la kazi, ukasema ama ziingie zote, ama isiingie hata moja. Kwa hiyo umeme ukikatika kati ya hatua, unabaki na kanzidata ambayo si ya zamani wala si mpya. PostgreSQL, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, inaruhusu mabadiliko ya muundo wa majedwali yafanyike ndani ya muamala. Mashine ikizimika kabla muamala haujathibitishwa, ikiwaka inarudi hali ya mwanzo kana kwamba hakuna kilichoguswa. Katika mazingira yetu, sifa hiyo pekee inanitosha. Kamati inapendekeza toleo la tatu lihamie PostgreSQL.

Kuna gharama yake, nisiifiche. PostgreSQL hutoa toleo kuu kila mwaka, na kila toleo kuu hutunzwa miaka 5. Kutoka toleo kuu moja kwenda jingine ni kazi ya kujitegemea, kwa sababu toleo jipya halisomi moja kwa moja mafaili ya data ya lile la zamani. Lazima utumie chombo cha kuhamishia, au utoe data yote nje na kuiingiza upya. Tukianza kulikimbiza kila toleo tutamaliza Jumamosi zetu zote hapo. Pendekezo ni tutumie lile linalokuja na Debian tu, yaani mfumo wa Linux unaoendesha seva zetu: Debian 12 ina PostgreSQL 15, Debian 13 ina 17. Shule itahama pale inapobadilisha Debian, basi.

Na hapo kwenye Debian ndipo kamati ilipogawanyika.

Debian 13 ilitoka tarehe 9 Agosti 2025, na pamoja na mazuri yake haina tena programu ya kusimikia wala kiini cha mfumo kwa kompyuta za kawaida za biti 32, yaani zile za kizazi cha zamani. Ninyi mnajua mashine zilizoko shuleni. Nyingi ni mitumba iliyotumika ofisini kwa watu miaka mingi kabla ya kuletwa kama msaada. Mjumbe mmoja alisema kwa uchungu kwamba tukizifuata hizi habari za biti 64 tutakuwa tumeziacha shule zile zile ambazo programu hii ilianzishwa kwa ajili yao. Hoja yake ni nzito na sikupenda ilivyochekwa.

Lakini kabla hatujalia, tuzikague mashine zenyewe. Tulipozunguka, tulikuta kompyuta ambazo prosesa yake ni ya biti 64 tangu kiwandani, ila mtu alizisimikia mfumo wa biti 32 kwa sababu RAM ilikuwa ndogo, na tangu hapo kila mtu anaamini mashine ni ya biti 32. Walimu, mkirudi fungueni dirisha la amri, andikeni lscpu, mtazame mistari ya juu. Mkiona 32 na 64 zimetajwa pamoja, mashine yenu inahama bila shida. Ikitajwa 32 peke yake, mwambieni katibu aiandike.

Kwa zile ambazo haziwezi kabisa, pendekezo ni hili. Debian 12, ambayo bado inakubali biti 32, inaendelea kupata marekebisho ya usalama, na ngwe yake ya mwisho chini ya utaratibu wa muda mrefu inaishia Juni 2028. Toleo letu la pili litatunzwa hadi mwezi huo huo, kwa usalama na hitilafu zinazopoteza data tu. Hakuna kipengele kipya hata kimoja kitakachoongezwa humo, hata kama anayeomba ni afisa elimu. Baada ya Juni 2028 linafungwa.

Mniruhusu nishikilie tarehe hiyo kwa nguvu, maana najua tutakuja kuombwa kuisogeza. Tazameni Python, lugha ya kuandikia programu: Python 3 ilitoka Desemba 2008. Mwisho wa Python 2 ulipangwa kuwa 2015, ukasogezwa hadi 2020. Mradi mkubwa kama ule, wenye watu dunia nzima na makampuni nyuma yake, ulibeba matawi mawili kwa zaidi ya miaka 11, na bado siku ilipofika kulikuwa na watu waliosema wameshtukizwa. Sisi hatuna mabega hayo.

Sasa niwageukie vijana. Mlileta andiko zuri, lililopangwa vizuri kuliko hii taarifa, mkitaka toleo la tatu liandikwe upya lote kwa lugha ya Rust. Nimelisoma lote. Msimamo wa kamati ni hapana. Mwaka 1998 Netscape waliamua kuachana na msimbo wao wa zamani na kujenga upya kivinjari chao, yaani programu ya kufungulia tovuti. Toleo la 5 halikutoka kamwe. Netscape 6 ilikuja Novemba 2000, na wakati huo watumiaji walikuwa wameshahamia Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft. Na wale walikuwa wanalipwa mishahara. Msimbo wetu wa sasa una mistari mibaya, ndiyo, lakini mingi ya hiyo iliwekwa kwa sababu shule fulani ilikuwa na mikondo isiyo ya kawaida, au wanafunzi wawili wenye majina matatu yanayofanana. Ukiandika upya, hayo yote utayagundua tena kwa maumivu. Sehemu moja tunakubali iandikwe upya: ile ya kusawazisha nakala kati ya seva na seva. Imejitenga, ina majaribio yake, na ikishindikana tutaendelea na ya zamani. Anzeni na hiyo.

Nimeyataja hayo yote, ila kinachonipa wasiwasi zaidi ni sisi wenyewe. Mpango wowote mtakaoupitisha leo lazima upimwe kwa idadi ya watu wanaotokea Jumamosi. Huku mlimani mifongo ilichimbwa na mababu, na kila anayekuja kutalii anasifu uchimbaji, lakini maji yamefika vihambani miaka yote hiyo kwa sababu kulikuwa na zamu ya kuzibua, na asiyetokea zamu yake alitozwa. Orodha ya vipengele mlivyoviomba kwa toleo la tatu imejaa kurasa. Orodha ya waliojiandikisha kujibu simu za shule iko nusu ukurasa, na majina mengine humo ni ya watu waliohamia Dar.

Tena, kuchoka kwa mtu mmoja ni mlango wa hatari. Programu ya kubana mafaili iitwayo xz, iliyomo karibu kwenye kila seva ya Linux, ilitunzwa miaka mingi na Lasse Collin, kwa kujitolea. Alipobanwa na watu wakimlaumu kwamba anachelewa, alijibu hadharani kwamba hii ni kazi ya hiari asiyolipwa. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameshaanza kusaidia tangu 2021, mpole, mchapakazi, na taratibu akakabidhiwa mamlaka. Mapema 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri wa kuingilia mashine za watu ndani yake. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft ambaye pia ni mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, na alichogundua mwanzoni ni kwamba kuingia kwenye mashine kwa ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kulikuwa kunachukua kama nusu sekunde zaidi. Alitangaza tarehe 29 Machi 2024, kabla madhara hayajaenea.

Sisi tuna nafuu ya kuonana uso kwa uso, na wapo mliosema hilo linatosha. Halitoshi. Hadi leo ufunguo wa kutia saini matoleo yetu, ule wa siri unaothibitisha kwamba toleo limetoka kwetu, uko kwenye laptopu ya mtu mmoja, mtu mwema, aliyeniomba tangu katikati ya mwaka apumzike, na nimeshindwa kumruhusu kwa sababu hakuna wa kupokea. Kamati inapendekeza ufunguo ushikwe na watu wawili, na hakuna toleo litakalotoka bila wote wawili kuhusika. Pia tuazime utaratibu wa wenzetu wa Apache, taasisi ya miradi ya programu huria: toleo linahitaji kura tatu za ndiyo kutoka kwa wasimamizi, na za ndiyo ziwe nyingi kuliko za hapana, na mtu akipinga badiliko la msimbo, atoe sababu ya kiufundi, siyo kusema tu hajapendezwa. Kuhusu kupumzika, tuandike kwenye kanuni kwamba msimamizi akiomba likizo anapewa, na kazi yake ikikosa mtu inasimama mpaka apatikane. Shule zitanung'unika. Acha zinung'unike.

Nije kwenye fedha, maana najua hapo ndipo mkono utanyanyuliwa. Kabla ya hitilafu ya usalama iitwayo Heartbleed, ya Aprili 2014, mradi wa OpenSSL, uliokuwa unalinda sehemu kubwa ya miamala ya intaneti duniani, ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Fedha zilikuja baada ya aibu. Sisi tunapendekeza kiasi kidogo kitengwe kila mwezi kumlipa posho mtu mmoja wa kupokea simu za shule. Wapo wanaotaka fedha hiyo iende kwa waandishi wa msimbo. Mimi naona tofauti: kuandika msimbo watu wanakufanya kwa raha zao hadi usiku wa manane, ila simu ya saa moja asubuhi, mwalimu kasahau neno la siri na darasa linamsubiri, ndiyo inayowafukuza watu kwenye chama hiki. Mzee wetu mlezi hakubaliani nami. Anasema ukimlipa mmoja, wengine watauliza wao wanajitolea kwa nini. Atapewa nafasi aeleze mwenyewe.

Jambo la mwisho ni la kisheria na halina mjadala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na majina na alama za wanafunzi ni taarifa binafsi. Toleo la tatu litakuwa na njia ya kufuta taarifa za mwanafunzi aliyehama, kwenye seva ya shule na kwenye nakala pia. Hii itatangulia vipengele vingine vyote.

Kura zitapigwa kwa mafungu matatu: PostgreSQL pamoja na tarehe ya Juni 2028; kanuni za ufunguo na kura; kisha posho, peke yake. Katibu atagawa karatasi baada ya chai. Fomu za zamu ya simu ziko mezani karibu na mlango, na msaragambo wa kwanza wa toleo la tatu ni Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi, hapa hapa. Mwenye kebo ya soketi nyingi aje nayo, ile ya chama imeungua.