Ratiba ihamie chumba cha chini

Mhariri,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Natumia kiti mwendo.

Vipindi vyangu vitatu kwa wiki viko ghorofa ya pili, na lifti haijawahi kufanya kazi tangu nianze masomo. Ngazi ni 34. Wenzangu wanne hunibeba, wawili mbele, wawili nyuma, nami nimekumbatia begi langu. Nawashukuru mno. Lakini wiki ya mitihani mmoja wao aliteleza, gurudumu likagonga ukuta, nikaingia kwenye mtihani mikono ikinitetemeka hata jina langu nikaliandika kwa shida.

Njia ya mteremko ipo, jengo la utawala. Imesimama mno, peke yangu siipandi, na chini yake watu huegesha pikipiki.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Kuhamishia vipindi chumba cha chini hakuhitaji zabuni, ni kubadili ratiba tu.

Kinachoniuma zaidi ni jioni, wenzangu wakipanda kujisomea kwa makundi. Mtu ananiambia kwa upole, "Wewe pumzika, tutakutumia picha za notsi." Mimi nataka kuwepo pale, nibishane nao, nicheke nao. Muhula mpya unaanza mwezi ujao na ratiba bado haijabandikwa. Wahusika, muda mnao.

Mwanafunzi,
Dar es Salaam