Risala ya Wahudumu wa Tiba Shufaa Majumbani kwa Mgeni Rasmi, Kisauni, Mombasa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Maafisa wa afya wa kaunti,
Maimamu na wachungaji mliojumuika nasi,
Familia za wagonjwa wetu,
Mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kuifikia siku hii ya kufunga mafunzo yetu. Tunakushukuru nawe, Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako na kuvuka daraja la Nyali kuja kutusikiliza. Karibu sana Kisauni.

Sisi ni wahudumu wa tiba shufaa, yaani tunawatunza majumbani wagonjwa ambao maradhi yao hayatarajiwi kupona: wenye saratani iliyoenea, moyo au figo zilizoshindwa kazi, na waliolazwa kitandani na kiharusi. Wengi wetu ni wahudumu wa afya ya jamii, na wachache ni wauguzi. Tunasafisha vidonda, tunamgeuza mgonjwa asije akachubuka mgongo, tunafuatilia dawa na kuwaelekeza jamaa. Hayo tulifundishwa tangu mwanzo. Mafunzo tunayoyafunga leo yalihusu jambo ambalo hatukuwahi kufundishwa: kuzitambua hisia za mgonjwa, za jamaa zake na zetu wenyewe, na kujua la kufanya nazo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wako wanaodhani kwamba hili ni suala la roho nzuri tu, kwamba mwenye huruma anayo na asiye nayo ndiyo basi. Sisi tunaamini ni ujuzi wa kazi, nao hufundishwa na kufanyiwa mazoezi kama tunavyofanya mazoezi ya kufunga kidonda. Wanasaikolojia wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliueleza hivyo mwaka 1990, kuwa ni uwezo wa kuzisoma hisia na kuziongoza. Na hata kabla yao, Dk. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa namna hiyo, jijini London mwaka 1967, alikwishafundisha kwamba maumivu ya mgonjwa hayako mwilini peke yake, yamo pia katika nafsi, katika jamaa na katika imani. Mama mwenye saratani ya kizazi huumwa na tumbo, na papo hapo huumwa na swali la nani atamlea kitindamimba wake. Mofini, dawa kali ya maumivu, hutuliza lile la kwanza. Lile la pili linamngoja mtu wa kuketi naye.

Turuhusu tueleze tuliyoyaona. Familia zenyewe zimeridhia tuyasimulie, na majina tumeyaacha.

Katika nyumba moja huko Mwandoni, mhudumu wetu aliikuta chupa ya mofini ya maji imejaa vilevile kama ilivyotoka hospitalini, na mgonjwa anagumia kitandani. Dawa hiyo hunywewa kila baada ya saa nne, haingojewi maumivu yapande. Mtunzaji alikuwa binti wa mgonjwa. Ingekuwa rahisi kumkaripia, au kumsomea upya maelekezo yaliyobandikwa kwenye chupa. Mhudumu akaketi naye mkekani, akamwuliza, "Dada, hii dawa ukiitazama inakutia wasiwasi gani?" Binti akakaa kimya kitambo. Kisha akasema ameambiwa na majirani kwamba mofini ni ndugu ya unga wa kulevya, mama atageuka teja, na kwamba anayepewa dawa hiyo huwa anaagwa. "Sitaki iwe ni mimi niliyemuua mama."

Hapa Mombasa, ambako mitaa mingi imezika vijana kwa sababu ya unga, hofu hiyo ina mizizi. Lakini ilipokwisha kutamkwa, maelezo yakapata pa kuingia: kwamba mofini ikipimwa sawasawa haimharakishii mgonjwa kifo, kwamba kuinywa kwa maumivu ya saratani si sawa na kujidunga kichochoroni, kwamba choo kigumu kinatarajiwa na ndiyo maana hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha. Jioni ile binti alikipima mwenyewe kipimo cha kwanza kwa bomba la sindano, mkono ukimtetemeka, akampa mama yake.

Maelezo yale yote mhudumu alikuwa nayo tangu alipobisha hodi. Yangetolewa kabla ya lile swali, yasingesikika.

Nyumba ya pili ni ya Mtopanga, mwezi wa Ramadhani. Bibi mmoja alikuwa akilia kila asubuhi kwa sababu hawezi kufunga. Kila aliyeingia alimtuliza kwa maneno yale yale: mgonjwa ameruhusiwa kula, Qurani imesema wazi. Bibi akazidi kulia. Jamani, huyo ni mtu aliyesomesha watoto chuoni miaka mingi, hukumu hiyo anaijua kuliko sisi sote! Alichokuwa akililia ni Ramadhani yenyewe, maana alijua hataiona nyingine. Mhudumu aliyeling'amua hilo aliacha kumfariji. Alimwuliza, "Bibi, Ramadhani ipi unaikumbuka zaidi?" Akasimulia hadi adhana ya alasiri: daku za utotoni, futari alizokuwa akipika, mume wake marehemu. Baada ya hapo, kwa ushauri wa muuguzi, saa za dawa zilipangwa upya ili kipimo kimoja kiangukie magharibi, wajukuu wakatandika mkeka kando ya kitanda, na bibi akawa anakunywa dawa yake wakati wenzake wanafuturu.

Yapo mengine mengi, kama vile wana wanaotusubiri mlangoni watuombe, "Mama asiambiwe anaumwa nini," ilhali ndani mama anatunong'oneza kwamba anajua na hataki wanawe wajue kuwa anajua. Sasa hatuanzi kwa kubishana na upande wowote. Tunamwuliza mgonjwa kwanza angependa kuambiwa kiasi gani, na kupitia kwa nani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuje kwetu sisi wahudumu, maana ndipo penye uzito wa risala hii.

Mgonjwa akifariki, jamaa hukaa matanga. Watu huja kuwapa pole, hitima husomwa au ibada hufanywa. Mhudumu aliyemwogesha na kumlisha kwa miezi hana matanga. Anakunja kanga yake, anavuka kichochoro, anaingia nyumba ya pili ambako mwingine anamngoja. Tumewaona wenzetu wanaanza kuwa wakali bila sababu, wanafupisha ziara, simu ya mgonjwa ikiita wanaiangalia tu. Tumewaona na wengine waliokwenda upande wa pili: hawarudi kwao hadi usiku, na pesa ya chakula cha watoto wao wameimalizia kwa wagonjwa. Wote hao ni wahudumu wazuri, na wengine wameshatuacha.

Katika mafunzo haya tulianza kukutana jioni, sebuleni kwa mmoja wetu, mshauri nasaha akiwa nasi. Anayetaka kusema anasema, jina la mgonjwa halitajwi, na hakuna anayemkatiza kumpa nasaha kabla hajamaliza. Walioapa kuacha kazi wamerudi kazini. Kwa maoni yetu, hicho kikao kimetusaidia kuliko kitu kingine chochote tulichofundishwa, na ndicho kinachokufa leo mafunzo yakifungwa, kwa kuwa hakina bajeti.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 wanahitaji tiba shufaa, na wanaoipata ni takriban asilimia 14 tu. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliyataka mataifa wanachama kuiingiza huduma hii katika mifumo yao ya afya, nyumbani kukiwemo, pamoja na mafunzo kwa wanaoitoa. Kuongeza wahudumu wapya ni jambo jema. Lakini kila mzoefu anayeondoka kwa kuchoka moyo huondoka na ujuzi ambao mwenzake mpya atahitaji miaka kuupata.

Hatukosi changamoto nyingine: nauli ya tuktuk na bodaboda, glavu, muda wa maongezi wa simu. Tumeziandika katika barua iliyoambatishwa, tusikuchoshe nazo hapa. Ombi letu kubwa ni kwamba kikao kile kiendelee kila mwezi, kikiwa na mshauri nasaha anayelipwa, na kiingizwe katika mpango wa kazi kama ziara nyingine yoyote. Tunaomba pia mhudumu aliyefiwa na mgonjwa apumzishwe siku moja kabla ya kupangiwa nyumba mpya, na somo hili la hisia lifundishwe kwa kila mhudumu mpya kabla hajapewa mgonjwa wake wa kwanza.

Kwa upande wetu, wahitimu wa leo wamekubali kuwapokea wahudumu wapya na kwenda nao majumbani hadi watakapozoea.

Katibu wetu atakukabidhi nakala ya risala hii pamoja na barua tuliyoitaja. Baada ya hapo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakukaribisha uzungumze nasi, kisha utukabidhi vyeti.

Ahsante sana.