Hoja za CAG zisomwe hadi kijijini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) na hoja zake, yaani kasoro anazozikuta kwenye matumizi ya fedha za umma.

Nilikuwa karani wa bohari kwa miaka 22 katika mashamba ya mkonge huku Tanga. Kazi yangu ilikuwa kupokea mali, kuihesabu na kuiandika kwenye leja. Robota la katani halikutoka bila namba, wala gunia la mbolea halikupokelewa kwa kuangaliwa kwa macho tu. Nimestaafu lakini mazoea hayo hayajanitoka, na nadhani ndiyo sababu mwaka 2021 wazazi wa sekondari ya kata yetu walinichagua kwenye kamati ya mapokezi.

Wasomaji wanaukumbuka mwaka ule. Serikali ilipata mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kukabili athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchini, kila moja kwa Sh milioni 20. Sisi tulipata mawili. Ujenzi ulikuwa wa fosi akaunti: shule inanunua vifaa yenyewe, inatafuta fundi yenyewe, na wananchi wanaingia kwenye kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Tuliambiwa siku ya kwanza kwamba bila saini zetu mzabuni halipwi.

Jioni moja ya Novemba lori la saruji liliingia jua likizama. Karatasi ya dereva ilisema mifuko 200. Nilisimama kwenye mlango wa chumba tulichokifanya stoo, na kila mifuko 10 ikipita nikichora mstari wa mkaa ukutani. Mistari ikawa 17, na mifuko sita juu yake. Yaani 176. Nikaambiwa mingine inakuja kesho, nisaini tu, maana wilaya inataka taarifa ya kukamilika kabla ya katikati ya Desemba. Nikaandika kwa kalamu, "Imepokelewa mifuko 176", nikasaini hapo hapo. Kesho yake ikaja 14. Ile 10 sijaiona hadi leo. Baada ya siku chache nikakuta kwenye jalada karatasi nyingine ya mzigo uleule, mifuko 200 kamili, imesainiwa na mjumbe mwenzangu ambaye jioni ile hakuwepo kabisa. Alikuwa amekwenda kuzika.

Simwiti mtu mwizi, kwa kuwa sikusikia maelezo yake. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyeniuliza. Sakafu ya darasa moja sasa inabanduka, na mjukuu wangu anayesoma humo anarudi nyumbani na vumbi la saruji kwenye soksi.

Sasa tazama safari ya hesabu hiyo. Mwaka wa fedha ulifungwa Juni 30, 2022. CAG, kwa mamlaka anayopewa na Ibara ya 143 ya Katiba, alikabidhi ripoti ya mwaka ule kwa Rais Machi 2023. Aprili ikawekwa mezani bungeni, na wabunge wakaijadili Novemba 2023. Ni miaka miwili tangu mistari yangu ya mkaa. Wakati huo mkuu wa shule alishahamishwa, mhasibu naye alishahamishwa, na ule ukuta ulishapigwa rangi.

Sidharau kazi ya ofisi hiyo hata kidogo. Aprili hiyohiyo ya 2023 Serikali ilisimamisha mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, baada ya wakaguzi kuonyesha jinsi fedha zilivyokuwa zikipotea, zikiwemo zilizokwenda kwa vikundi hewa. Uamuzi ulikuwa wa haki. Lakini kina mama majirani zangu wanaokausha dagaa, waliorejesha mkopo wao hadi shilingi ya mwisho, nao wakakaa bila mtaji hadi mikopo iliporudi mwaka 2024. Kama hoja ile ingesomwa mbele ya watu wanaojuana kwa sura, vikundi hewa vingetajwa siku hiyohiyo na wenye haki wangebaki na haki yao.

Vilevile watu waelewe maana ya hati safi, yaani hati inayoridhisha ya CAG, ambayo halmashauri zetu huishangilia kama kombe. Hati hiyo inasema taarifa za fedha zimeandaliwa inavyotakiwa. Haisemi kila mfuko wa saruji ulifika. Wakaguzi huchagua baadhi ya miradi, kwa sababu hawawezi kufika kila shule. Kwetu hawakufika, na siwalaumu. Tena CAG hana rungu la kumwadhibu mtu. Akiona dalili za jinai hupeleka suala kwa vyombo vya uchunguzi, na hapo sisi wa kijijini hatusikii tena.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila miezi mitatu, na humo tunasomewa mapato na matumizi. Naomba katika mkutano huohuo, ripoti ikishafika bungeni, mtendaji asome hoja zote zinazohusu shule, zahanati na visima vya kijiji chetu, pamoja na majibu ya halmashauri. Ripoti zinatolewa kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuna kisingizio cha lugha. Mkaguzi naye, akishika jalada la fosi akaunti, awe na namba za simu za wajumbe wa mapokezi na awapigie hata wawili tu: "Mzee, ulihesabu mingapi?" Simu hiyo haifiki dakika tano. Na nakala ya kila mzigo uliopokelewa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule siku hiyohiyo, mzazi anayepita asome na kuhesabu mwenyewe.

Mistari ya ukutani imefutika, lakini usiku ule niliinakili kwenye daftari langu: tarehe, namba ya lori, saa na hesabu. Daftari ninalo. Mkaguzi akilihitaji, aulize shuleni nyumba ya karani wa zamani wa mkonge, watamleta.

Mjumbe wa zamani wa kamati ya mapokezi,
Tanga