Wenye presha tupimwe na figo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa moyoni tangu tumzike shangazi yangu huko Tukuyu.

Shangazi aliishi na presha zaidi ya miaka kumi. Kila mwezi alikwenda zahanati, akapimwa, akaandikiwa namba kwenye daftari, akapewa vidonge na kurudi kwenye migomba yake. Daftari hilo ninalo. Limejaa 160/100, 170/105, na mahali pamoja 130/80. Siku hiyo alifurahi mno, akaacha dawa miezi mitatu akisema amepona. Nimelipekua lote: hakuna mstari unaoonyesha kwamba aliwahi kupimwa mkojo au kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha kama figo zinafanya kazi.

Kisha miguu ikaanza kuvimba. Ukimbonyeza juu ya kifundo, alama ya kidole inabaki imebonyea. Mkojo ukawa na povu kama la sabuni. Sisi tukasema ni uchovu wa shamba, tukamnunulia dawa za maumivu dukani, kumbe nyingi kati ya hizo nazo huumiza figo. Tulipomfikisha hospitali kubwa, figo zote mbili zilikuwa zimekwisha kazi. Tukaambiwa damu isafishwe kwa mashine mara tatu kwa wiki, kila mara masaa manne. Mazao ya mkulima yanatosha wiki ngapi za namna hiyo?

Daktari alitueleza vizuri, ingawa tulikuwa tumechelewa. Figo moja ina vichujio karibu milioni moja, na kila kimoja ni kifundo cha mishipa myembamba ya damu. Presha ikikaa juu, mishipa hiyo inakakamaa na kuziba, na kichujio kikishakufa hakirudi. Figo iliyoumia nayo hushindwa kutoa chumvi na maji, hivyo presha hupanda zaidi na kuzidi kuiumiza. Muda wote huo mgonjwa hasikii maumivu. Anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo bado analima.

Siwalaumu wauguzi, siku ya kliniki foleni inafika nje ya geti. Lakini kijiti cha kupima protini kwenye mkojo, ambayo ni dalili ya figo kuumia, ni kilekile wanachopimiwa wajawazito, na majibu yake hutoka kwa dakika chache. Mimi pia nina presha. Mwezi uliopita nilikiomba, nikaulizwa, "Kwani unaumwa figo?" Nilijibu kwamba sijui, ndiyo maana naomba.

Nawaomba waganga wakuu wa halmashauri zetu, Rungwe, Busokelo, Kyela na Mbeya, wahakikishe kila mwenye presha anapimwa mkojo na kreatinini walau mara moja kwa mwaka, na majibu yaandikwe kwenye daftari lake, kando ya ile namba ya presha.

Mkulima wa viazi,
Uyole, Mbeya