Barua kwa mwanangu: vitabu vya kuwapa wenzako

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na sisi huku hatujambo. Umeniuliza vitabu gani vigumu uwapelekee wenzako mnaosoma pamoja. Nimefurahi mno, maana wengi wakitaka kitabu cha kuumiza kichwa hukimbilia vya Ulaya, kana kwamba Kiswahili ni cha hadithi za watoto tu.

Anzeni na riwaya ya Kusadikika. Kama mliisoma shuleni, mliisoma kwa ajili ya mtihani. Safari hii kumbukeni kuwa Shaaban Robert, mwana wa Tanga hii hii, aliitoa mwaka 1951, Mwingereza akiwa bado anatutawala. Humo mhusika mkuu, Karama, anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Utetezi wake ni masimulizi: wajumbe sita walitumwa nchi za jirani, wakarudi na mambo ya kuwafaa watu, wakaishia kifungoni. Waulize wenzako: kwa nini Karama anajitetea kwa visa vya watu wengine? Na hizo nchi zinazosifiwa, ni njema kweli? Hapo mtakesha.

Kisha Kichwamaji ya Kezilahabi, ya mwaka 1974. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu kama ninyi, na elimu yake haimpi sababu ya kuishi. Mwisho wake ni mzito sana, mama. Asiusome mtu peke yake usiku. Usomeni pamoja, mzungumze. Mimi sikubaliani na Kazimoto hata kidogo, lakini ni riwaya chache za Kiswahili zinazouliza maswali yale bila kumlainishia msomaji.

Anayependa ushairi mpe utenzi wa Hemedi bin Abdallah juu ya vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, vile vya Abushiri aliyewapinga hapa pwani akanyongwa Pangani mwaka 1889. Maneno yake ya kale yatawasumbua. Usomeni kwa sauti, ubeti kwa ubeti, na mkikwama nipigie simu. Bibi yako anayajua mengi.

Nagona, yake Kezilahabi huyo huyo, usiwapelekee kwanza. Ni kitabu chembamba, ila kisa chake hakifuati njia iliyozoeleka, na asiyezoea atakifunga mapema akidhani yeye ndiye mjinga. Ukija likizo njoo nacho, tukisome mimi na wewe barazani.

Ni mimi,
Baba yako