Maji yamepimwa yakafaa, meno ya watoto bado yana kahawia: tuanzie wapi?

Mhariri, salamu.

Sisi ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika kata moja ya Arumeru, chini ya Mlima Meru, na tunaomba ushauri wa wasomaji wenu wanaoshughulika na meno, maji na lishe. Bomba letu linatoka kwenye chemchemi ya juu mlimani, na cheti cha maabara kinasema maji yanafaa: madini ya floraidi yako chini ya miligramu 1.5 kwa lita. Hicho ni kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na ndicho Tanzania inachotumia sasa baada ya miaka mingi ya kuruhusu hadi 4. Hata hivyo, watoto waliozaliwa baada ya bomba kufika wanaota meno ya ukubwani yenye mistari myeupe, wengine ya kahawia, na wachache yameanza kumeguka vishimo.

Kwamba ni florosisi, yaani meno kuharibiwa na floraidi nyingi wakati yanajengeka, hatuna shaka sana. Doa la jino moja pekee kwa kawaida lina sababu yake, kwa mfano jino la utoto lililogongwa au lililotunga usaha. Kuoza huanzia karibu na ufizi au kwenye mifereji ya magego. Haya tunayoyaona, yakifutwa kwa pamba na kutazamwa kwa mwanga wa mchana, yanafanana kulia na kushoto, na mistari inalikata jino kwa mlalo. Ukali wa kahawia hatuutumii kupima chochote, maana rangi hiyo huingia jino likishatoka, kupitia vitundu vya enameli (ganda gumu la nje la jino) ambayo haikukomaa vizuri.

Kinachotutatiza ni umri. Enameli ya meno ya mbele ya juu na ya gego la kwanza hujengeka zaidi katika miaka mitatu ya mwanzo. Magego madogo yaliyo nyuma ya chonge huanza karibu na mwaka wa pili na kuendelea hadi wa sita au wa saba, na gego la pili hufika hadi wa nane. Kwa watoto wetu wengi meno ya mbele yana mistari myembamba tu, ilhali magego madogo yamekuwa kama chokaa. Tunajua kwamba hata floraidi ikiwa ileile miaka yote, magego huathirika zaidi, kwa hiyo huo si ushahidi kamili. Lakini unatufanya tushuku kitu kinachoongezeka mtoto anapoacha kunyonya na kuanza kula chungu kimoja na wakubwa. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, hata mama akinywa maji yenye nyingi.

Mshukiwa wetu wa kwanza ni magadi. Huku yanatiwa kwenye maharage, makande na mboga ngumu, na yanayouzwa gulioni kwa kopo hayana asili moja: mengine huchotwa juu ya udongo mkavu, mengine hutoka kandokando ya maziwa ya chumvi. Floraidi iliyomo inatofautiana mno kati ya fungu na fungu. Tuseme gramu moja ina miligramu 2: kijiko cha chai chenye gramu 5 kinatia miligramu 10 kwenye sufuria moja, na familia ya watu watano ikigawana sawa, kila mmoja anapata 2 kwa mlo mmoja. Hapo cheti cha bomba kinakuwa karatasi tu. Tena maharage hayo huchemka saa mbili au tatu huku maji yakiongezwa. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki. Wapo akina mama wanaochemsha maji ya kunywa muda mrefu wakidhani wanaitoa. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini lita 5 zikibaki 4, maji ya 1.5 yamefika karibu 1.9.

Hata maji yenyewe hatujayaachilia. Cheti hakitaji namba yenyewe, na kati ya 0.4 na 1.4 kuna tofauti kubwa kwa mtoto mdogo. Mtoto wa kilo 10 anayepata lita moja kwa siku ya maji ya 1.5, kwa kunywa na kwenye uji, ameingiza miligramu 0.15 kwa kila kilo ya uzito wake, wakati kikomo kinachopendekezwa kwa walio chini ya miaka 8 ni 0.1. Kisha sampuli ilichukuliwa masika. Kiangazi chemchemi inapungua, na fundi wa bomba hufungulia kisima kirefu kijazie tangi. Shule nayo ina kisima chake chenye chujio la mkaa wa mifupa, na hakuna anayekumbuka mkaa ulibadilishwa lini. Mkaa ukishajaa floraidi, maji hayabadiliki ladha wala rangi, yanapita tu. Tumeona pia vipande vyeupe ndani yake, dalili ya mifupa iliyoungua kupita kiasi. Huo hushika kidogo kuliko mweusi.

Chai ya rangi iliyochemshwa na majani muda mrefu tunaihesabu pia, kwani majani ya chai yana floraidi yake na huku mtoto wa miaka miwili anapewa kikombe asubuhi. Dawa ya meno tunaiweka mwisho: wengi wanapiga mswaki mara chache, na hatutaki wazazi waiache, kwa kuwa inazuia kuoza. Tunachowaambia ni kipimo cha punje ya mchele kabla ya miaka mitatu, kisha cha punje ya njegere hadi sita, na mtoto ateme.

Tuna fedha za sampuli kumi tu, ambazo tunafikiria kuzipeleka kituo cha utafiti wa floraidi cha Ngurdoto. Za maji tutazichukua kwenye chupa za plastiki za nusu lita, zilizosuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale, si za kioo. Je, tuzigawe vipi kati ya tangi la kiangazi, chujio la shule na magadi ya gulioni? Kwa magadi, inatosha kupima fungu moja kwa kila muuzaji, au tupime maharage yaliyokwisha kupikwa? Na badala ya magadi tupendekeze nini ambacho mama atakikubali? Kuloweka maharage usiku kucha kunapunguza muda wa moto, lakini makande bila magadi wanasema hayalainiki, na majivu ya migomba hatujui yana kiasi gani.

La mwisho ni kwa madaktari wa meno: mtoto wa miaka tisa ambaye enameli ya meno ya mbele imeshameguka asubiri hadi umri gani kuzibwa, na kazi hiyo inafanyika hospitali ya wilaya au lazima apelekwe ya mkoa?

Wahudumu wa afya ya jamii,
Arumeru