Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji wa Kaunti ya Mombasa kuhusu mashine za kupuliza hewa katika maji taka

Mheshimiwa Waziri,

KUH: UNUNUZI NA UTUNZAJI WA MITAMBO YA KUINGIZA HEWA KATIKA MAJI TAKA

Kwa heshima na taadhima ninakuandikia nikiwa mkazi wa Changamwe na fundi wa mitambo niliyestaafu, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kushughulikia pampu, mota na mashine za kupuliza hewa. Ninaandika hadharani kwa sababu fedha zinazonunua mitambo ya maji taka ni za umma, na kwa sababu uamuzi wa afisi yako kuhusu aina ya mashine utadumu nasi miaka kumi na mitano au zaidi, muda mrefu baada ya hati za zabuni kufungiwa kabatini. Ombi langu ni moja: kila zabuni ya mitambo hii ipimwe kwa kiasi cha oksijeni kitakachoingia majini katika umri mzima wa mashine, pamoja na gharama ya kukiingiza, wala isipimwe kwa bei ya siku ya kununua peke yake.

Nieleze kwanza kinachofanyika ndani ya tangi, kwa kuwa wengi watakaoisoma barua hii hawajapata kuingia katika mtambo wa aina hiyo. Mwaka 1914, mjini Manchester, wanakemia wawili wa Kiingereza, Edward Ardern na William Lockett, walieleza kwamba maji taka yakipulizwa hewa, kisha tope linalotuama likarudishwa tangini, bakteria waliomo katika tope hilo huongezeka na kuusafisha uchafu kwa muda wa saa chache. Njia hiyo ndiyo inayotumika hadi leo katika miji mingi duniani. Bakteria hao hupumua, na mafundi hujitahidi kuwawekea oksijeni iliyoyeyuka ya kiasi cha miligramu 2 hivi kwa kila lita. Ikishuka mno, hustawi bakteria wenye umbo la nyuzi, tope likakataa kutuama na likatoka pamoja na maji. Ikiisha kabisa, maji huoza, hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza, na kile kinachoelekea baharini hukaribia kuwa sawa na kile kilichoingia. Kazi hii ya kupuliza hewa kwa kawaida hula nusu ya umeme wote wa mtambo, na mara nyingi zaidi ya nusu. Kwa hiyo anayechagua mashine ya hewa amechagua pia bili ya umeme, na amechagua kama maji yatatoka safi au la.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti yetu. Wengi wao hawajaunganishwa na mabomba ya maji taka. Wanategemea vyoo vya shimo na matangi ya septiki ambayo, kisiwani na kando ya bahari, yamechimbwa katika mwamba wa matumbawe wenye matundu, unaopitisha maji kwa urahisi hadi kwenye visima tunavyochota. Kinachofika katika mitambo ya kusafisha maji taka ya Kipevu au Kizingo ni sehemu tu ya uchafu wa mji. Mikoko ya Mikindani, ukingoni mwa hori ya Tudor, imepokea maji taka ya makazi kwa miaka mingi, na katika mikoko hiyo ndimo samaki wanamokulia kabla ya kufika nyavuni. Tena maji ya matumizi yataongezeka. Tumezoea kutazama vyanzo vya maji vya Mzima na Baricho, na sasa tunalisubiri bwawa la Mwache kule Kwale. Lakini sehemu kubwa ya kila lita itakayoingia jikoni na bafuni itatoka ikiwa maji taka, na itahitaji oksijeni.

Hali ya hewa yetu, Mheshimiwa, ina masharti yake, na ni muhimu yaandikwe ndani ya zabuni. Maji baridi yenye nyuzi 20 za Selsiasi yanaweza kubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita, ilhali yenye nyuzi 30 yanabeba takriban 7.6 tu, na chumvi ya bahari inayopenya katika mabomba ya zamani huipunguza zaidi. Ni kweli kwamba katika joto oksijeni huingia majini kwa kasi kubwa kidogo, na kasi hiyo hufidia upungufu huo kwa kiasi kikubwa. Tatizo lenyewe liko kwa bakteria, ambao katika joto hula haraka zaidi. Akiba ya miligramu 2 kwa lita, katika tangi lenye tope jingi, inaweza kuisha kwa dakika chache tu baada ya umeme kukatika. Kadhalika, wale bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti, ambao katika nchi za baridi hulelewa kwa taabu, kwetu hustawi wenyewe, na kila kilo moja ya naitrojeni ya amonia wanayoigeuza hudai kilo 4.57 za oksijeni, iwe aliyesanifu mtambo aliihesabu au hakuihesabu. Mtambo uliosanifiwa kwa baridi ya Ulaya na kuletwa hapa bila hesabu mpya utapungukiwa na hewa tangu siku ya kwanza.

Sasa nije kwenye mashine zenyewe. Kuna zile zinazochapa maji juu, yaani rota zenye mapanga au brashi zinazozunguka usoni pa tangi, na kuna zile zinazopuliza kutoka chini, ambapo bloa husukuma hewa kwenye mabomba hadi kwenye visahani vya mpira vyenye matundu madogo vilivyopangwa sakafuni. Katika vitabu vya wauzaji, visahani vya mapovu madogo huweza kuingiza oksijeni kilo 4 au zaidi kwa kila kilowati-saa, na rota za juu huingiza kati ya kilo 1.2 na 2. Ukisoma hapo pekee, shauri limekwisha. Lakini takwimu hizo hupimwa katika maji safi yenye nyuzi 20, yasiyo na oksijeni yoyote mwanzoni, na hakuna maji ya namna hiyo Kipevu. Sabuni na mafuta yaliyomo katika maji taka huyazuia mapovu madogo kupitisha oksijeni, hata uwezo wake ukashuka kwa nusu, na rota za juu huathiriwa kidogo kuliko visahani. Kisha utando, yaani ule mpira wenye matundu wa visahani, hujaa ute wa bakteria na magadi ya chokaa, shinikizo likapanda, bloa ikaanza kufanya kazi kubwa kwa hewa ndogo. Visahani vikiwa safi bado vinashinda kwa umeme, na mimi binafsi ningevichagua kwa mtambo mkubwa. Vikiachwa bila kusafishwa, tofauti ile iliyosifiwa inayeyuka, na hapo hakuna anayeulizwa.

Nimewahi kulitazama jambo hili kwa karibu katika kiwanda kimoja nisichokitaja. Tangi lilikuwa moja tu, visahani vilikuwa vimefungwa sakafuni kwa kudumu, na mpira wake ulikuwa wa aina ya EPDM, ambao huvimba na kulegea ukikaa katika mafuta. Kila umeme ulipokatika, maji na tope yalirudi nyuma kupitia vali zilizochoka hadi ndani ya mabomba ya hewa. Sehemu moja ya tangi ilianza kutokota kwa mapovu makubwa, ishara kwamba visahani vimechanika, na kwingine maji yalikuwa yametulia tuli. Kila fundi alijua dawa yake. Lakini kuvifikia visahani kulihitaji tangi liondolewe maji, na kuondoa maji kulihitaji kusimamisha usafishaji wote, kwa hiyo kazi iliahirishwa mwezi baada ya mwezi, na maji yaliyotoka yalikuwa yakinuka hadi barabarani. Waliokaa jirani walivumilia bila kuambiwa sababu. Nayasema haya kwa uchungu, kwani gharama ya kuizuia hali ile wakati wa ujenzi ilikuwa ndogo: tangi la pili, au fremu zinazoweza kuvutwa juu kwa winchi pamoja na visahani vyake huku tangi likiendelea kufanya kazi.

Ndiyo maana naomba sharti hilo la fremu za kuvutwa juu lisiachwe kama hiari ya mkandarasi. Kwa mtambo mdogo wa hospitali, shule au mtaa, rota za juu zinafaa zaidi ingawa zinakula umeme mwingi, kwa sababu beringi na giaboksi ziko mahali mkono unapofika, na fundi wa Changamwe au Shimanzi anaweza kuzikarabati bila kusubiri vipuri kutoka ng'ambo. Kuhusu mpira, mji wenye hoteli nyingi na vibanda vingi vya kukaanga samaki na viazi hauwezi kununua EPDM kwa mazoea tu. Muulizwe muuzaji kuhusu silikoni au poliuretheni, na wakati huohuo mitego ya mafuta katika mahoteli ikaguliwe.

Chumvi nayo isisahauliwe. Hewa inayovutwa na bloa katika mji huu ni ya joto, yenye unyevunyevu na chembe za chumvi, kwa hiyo kila mita ya ujazo inabeba oksijeni pungufu kuliko hewa kavu na baridi iliyoandikwa katika jedwali la muuzaji. Mabomba ya hewa yawe ya chuma cha pua cha daraja la 316, ambacho huihimili chumvi vizuri zaidi kuliko 304. Bloa za kisasa zinazozunguka kwa kasi kubwa hubana matumizi ya umeme, nami sizipingi, lakini vifaa vyake vya elektroniki huharibika upesi visipowekwa katika chumba kilichofungwa, kinachopozwa na chenye vichujio vinavyobadilishwa kwa wakati. Kama chumba hicho hakimo katika bajeti, ni heri tuchukue bloa ya kawaida ya rota mbili, iliyobuniwa tangu karne ya 19, ambayo mafundi wetu wanaijua, na tuifunge kifaa cha kubadilisha kasi ya mota ili usiku, uchafu unapopungua, isipulize hewa ya bure.

Kuhusu fedha, naomba hesabu moja tu ifanywe mezani pako. Bloa ya kilowati 100 ikifanya kazi usiku na mchana kwa mwaka hutumia kilowati-saa 876,000. Mashine inayopunguza sehemu moja katika tano ya matumizi hayo huokoa kilowati-saa 175,200 kila mwaka, na hilo likirudiwa kwa miaka kumi na mitano, tofauti ya bei ya ununuzi inaweza kuonekana ndogo sana. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inataka vigezo vya tathmini viandikwe katika hati za zabuni na, kadiri iwezekanavyo, viweze kupimika. Oksijeni kwa kilowati-saa inapimika. Umri wa utando unapimika. Bei ya vipuri kwa miaka kumi inaweza kudaiwa kwa maandishi kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Na malipo ya mwisho yazuiliwe mpaka mashine ipimwe hapa Mombasa, ndani ya maji taka yetu wenyewe, mbele ya mafundi watakaobaki nayo.

Hao mafundi ninawaombea neno la pekee. Kifaa cha kupima oksijeni tangini kinahitaji kusafishwa na kurekebishwa mara kwa mara, la sivyo kitasema uongo na bloa zitautii uongo huo. Kazi hiyo ni ya mtu aliyefunzwa, mwenye glavu, mwenye buti, mwenye mshahara unaofika kwa wakati, na mwenye ruhusa ya kuagiza vali ndogo bila kupitisha barua katika madawati matano. Nimewaona vijana hodari wakiiacha kazi hii wakahamia bandarini, na siwalaumu. Fungu la matengenezo la kila mtambo litengwe katika bajeti kwa jina lake, lisihamishwe, na kiwango chake kitangazwe.

Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa mahitaji ya oksijeni ya kibiolojia, yaani oksijeni ambayo bakteria wataihitaji kula uchafu uliobaki, katika maji yanayoachiliwa katika mazingira. Wananchi wa Mikindani, Tudor, Likoni na Port Reitz wana haki ya kujua kila mwezi kama maji yanayotoka katika mitambo ya mji wao yamefikia kiwango hicho, na ni saa ngapi za mwezi huo mashine za hewa zilikuwa zimesimama. Katiba, katika kifungu cha 42, inatupa haki ya mazingira safi, na katika kifungu cha 43 haki ya usafi wa kiwango kinachostahili. Matokeo hayo yabandikwe mahali watu wanapopita, kwenye afisi za wadi na kwenye masoko, kwa Kiswahili.

Kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ninaomba afisi yako initolee nakala ya maelezo ya kiufundi yatakayotumika katika zabuni ijayo ya mitambo ya hewa, rekodi za umeme na za oksijeni iliyoyeyuka za mwaka uliopita kwa kila mtambo unaosimamiwa na kaunti, pamoja na kiasi cha fedha kilichotengwa kwa vipuri. Sheria hiyo inatoa siku 21 za kujibu. Endapo utaona inafaa, niko tayari kuja bila malipo yoyote, pamoja na mafundi wenzangu wastaafu, tukae na wahandisi wako tuyapitie maelezo hayo ukurasa kwa ukurasa kabla hayajatangazwa.

Wako mwaminifu,

Fundi mstaafu wa mitambo,
Changamwe, Mombasa